Mahali pa Mshale

Fundi hakupuliza vumbi. Nililiona hilo mapema kwa sababu mimi ningepuliza. Alifungua skrubu nne za nyuma, akazitia kwenye kifuniko cha kopo, akainua gamba la plastiki taratibu kama mtu anayefunua chungu cha wenyewe, kisha akachukua brashi ya rangi aliyoikata nywele zikabaki fupi, akaanza kufagia. Pembeni kwanza, katikati baadaye. Vumbi la Dodoma ni jepesi. Ukilipuliza halitoki, linahama: linaondoka kwenye spika na kuingia kwenye kitufe cha sauti, na kesho redio inakwaruza kuliko jana.

Kibanda chake kiko Nzuguni, si mbali na stendi kuu ya mabasi. Kinachomlisha ni simu: vioo vilivyopasuka, chaji zisizoingia, watu wenye haraka ambao basi lao linaondoka baada ya dakika kumi. Redio anatengeneza kwa sababu alifundishwa na baba yake mdogo, na kwa sababu, anasema mwenyewe, simu haina kitu cha kushika. Siku hiyo mteja wake alikuwa mzee mmoja aliyevaa koti kwenye jua kali, ameketi kwenye kibao cha wateja na fimbo katikati ya magoti. Redio ilikuwa National ya zamani, ya mfuko wa ngozi, mfuko wenyewe umeshonwa mara mbili kwa nyuzi za rangi tofauti. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Mshale hauendi. Ukizungusha kitufe cha kutafutia stesheni, kinazunguka bure kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa.

Ndani ya redio za aina ile kuna kazi ya uzi, na wengi tuliozisikiliza utotoni hatukujua. Kitufe hakikushikana na mshale. Kitufe kinazungusha kijiti, kijiti kinavuta uzi, uzi unapita kwenye puli ndogo tatu au nne, unalizunguka gurudumu la kapasita, ile yenye vibati vinavyopishana kama kurasa za kitabu, na njiani umeubeba mshale mgongoni. Springi moja nyembamba inaukaza. Uzi ukilegea kidogo tu, mshale unakuwa mwongo: unaonyesha stesheni hii na sikio linasikia ile. Ukikatika, ndiyo kama ya mzee.

Fundi alichukua uzi wa nailoni wanaoshonea viatu, akaupitisha kwenye kipande cha nta ya nyuki mara kadhaa mpaka ukawa mkavu na wenye kushika. Kabla ya kuutoa ule wa zamani alifanya jambo ambalo sikulielewa. Alitafuta penseli kwenye droo, akainama mpaka pua ikakaribia redio, akachora kistari kidogo kwenye bati, pale pale mshale ulipokuwa umesimama. Ndipo akavuta mabaki ya uzi kwa kibano.

"Mwaka sabini na tisa nilikuwa Uganda," mzee akasema, bila kuulizwa. "Mgambo."

Nikamuuliza kama redio hii ndiyo aliyokwenda nayo. Konda wa basi la Singida alikuwa amesimama karibu yetu akipiga kelele, na mzee aliinua kiganja kuashiria nisubiri. Nikasubiri. Fundi naye hakuwa na haraka. Uzi ulikuwa umemponyoka kwenye puli ya pili na alikuwa anaanza upya.

Vita hivyo alivyovitaja mzee, vya Kagera, tumezoea kuvisimulia kwa mizinga na madaraja. Ukivifuata kwa sikio unapata vita vingine. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kuwa eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera sasa ni lake. Kesho yake, Mwalimu Nyerere akazungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee, na nchi nzima ikasikiliza. Kila Mtanzania wa rika lile anakumbuka yale maneno matatu, uwezo, sababu na nia, na sidhani kama ni kwa ajili ya uzito wake tu. Ni kwa jinsi yalivyopangwa. Sentensi moja yenye umbo moja ikarudiwa mara tatu, kila mara neno moja limebadilika. Mtoto aliyekuwa anachunga mbuzi aliweza kuibeba mpaka nyumbani bila kuimwaga. Huo nao ni ufundi wa redio, kwa sababu anayesikiliza hawezi kurudi nyuma kusoma tena.

Upande wa pili nao haukuwa wa kubezwa. Amin ndiye aliyependekeza kwamba yeye na Mwalimu wamalize ugomvi ulingoni kwa ngumi, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Nitasema jambo ambalo wazee wangu hawatalipenda: mtu mbaya anaweza kuwa na kipaji cha burudani, na nduli Amin alikuwa nacho.

Jeshi la Tanzania lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likakua haraka hadi zaidi ya 150,000. Ndani yake walikuwemo mgambo wapatao 40,000, watu waliotoka shambani moja kwa moja, pamoja na polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Januari 1979 wakavuka kuingia Uganda, Februari wakaichukua Masaka. Askari aliyeondoka na jembe mkononi juzi sasa yuko nchi ya watu, hajui lugha yao, na kinachomuunganisha na kwao ni sauti ya Kiswahili inayotoka Dar es Salaam. Taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilitanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga ngoma nyingi peke yake kana kwamba ni kundi zima. Hazikuhitaji mtangazaji wa kusema hii ni redio gani. Yeyote aliyekuwa na redio kati ya Mutukula mpakani na Kampala, akisikia zile ngoma, alijua yuko na watu wake.

Kazi ninayoistahi zaidi ni ile iliyofanyika kabla wimbo haujafika hewani. Studio za RTD zilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere. Bendi haikwenda pale kupiga gitaa leo na kuimba kesho. Mashairi yalipitiwa kwanza, kisha kundi likaingia lote, mkanda ukaanza kuzunguka, na aliyekosea aliwakosesha wote. Siku hizi fundi mitambo anapandisha gitaa na kushusha ngoma wakati wanamuziki wenyewe wameshalala. Enzi zile za maikrofoni chache, kazi hiyo ilifanywa kwa miguu. Mpuliza tarumbeta anaambiwa arudi hatua mbili, kisha moja zaidi. Mwimbaji anasogea mbele, waitikiaji wanabaki nusu hatua nyuma ya bega lake. Mpiga tumba anapelekwa kwenye kona. Mtu akisogea katikati ya wimbo kwa sababu amenogewa, wimbo unapinda. Sikiliza rekodi za wakati ule kwa makini na utaweza kuchora ramani ya chumba: nani alisimama wapi, na nani alikuwa anajizuia asicheze.

Fundi mitambo mzuri alisikiliza pia kwa sikio la redio ndogo. Spika ya redio ya mkulima haizidi kisosi cha chai. Besi yote unayoirekodi inaishia njiani. Kinachovuka milima kwa masafa mafupi na kutoka kwenye kisosi hicho kikiwa hai ni sauti ya mtu, gitaa la solo, tarumbeta, na vitu vikali kama manyanga. Nadhani ndiyo sababu magitaa ya rekodi zile yanameta hivyo, kama visu vilivyonolewa. Hayakupigiwa ukumbi. Yalipigiwa kisosi.

Majeshi yalikuwa na bendi zake, ambamo gitaa lilikuwa mali ya kikosi kama ilivyo bunduki: Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi (JWTZ), Kimulimuli ya JKT, na jirani zao Polisi Jazz na Magereza. Bendi hizo na za kiraia zilitunga nyimbo nyingi za vita. Nyimbo za kumtukana nduli zilifanya kazi iliyokusudiwa, na zimechakaa pamoja nayo. Ukizisikia leo ni kama kusoma gazeti lililofungiwa maandazi. Zilizobaki na utamu ni zile ambazo vita havitajwi hata mara moja. Mtu anamwambia mwenzake asihangaike, atarudi. Askari hakuhitaji kuambiwa kwamba yuko vitani.

Halafu kuna usomaji wa salamu redioni. Wenye umri wangu tunazikumbuka kadi za salamu, majina kumi na tano kwenye karatasi moja, na mwishoni ujumbe wa kuwataka wote wasikilize kwa utulivu. Tulizicheka. Jaribu kuzisoma wewe kwa sauti, majina hayo yote, bila kuchosha, na kila mmoja aone ametajwa peke yake. Msomaji hodari ana mahali pa kupumua. Anaacha nafasi ndogo baada ya jina, si kabla, ili mwenye jina apate kuruka kutoka kitini na waliomzunguka wapate kumtazama. Na wakati wa vita kazi inakuwa ngumu mara mbili, kwa sababu kila kitu cha maana kimekatazwa. Huwezi kusema yuko wapi, yuko na wangapi, ametoka wapi wala anaelekea wapi. Unabaki na jina, jina la mama yake, na "huko uliko". Mtangazaji anachukua neno hilo tupu, "huko uliko", na kulijaza kwa sauti tu, mpaka kila mtu anaona mahali anapopajua yeye.

Ben Kiko alifanya kinyume chake. Yeye alikuwa sauti ya RTD kutoka vitani kwenda nyumbani, mwandishi aliyetuma ripoti kutoka uwanja wa vita, na watu waliijua sauti yake kabla ya kuijua sura. Vijana wa leo wanaotangaza mpira kwa kupaza sauti tangu dakika ya kwanza wangemsikiliza, wangejifunza kwamba sauti ikipandishwa mapema haina tena pa kupandia.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na siku hiyo hiyo Luteni Kanali Oyite-Ojok akazungumza kwenye Redio Uganda kutangaza kuwa utawala wa Amin umekwisha. Vita vilivyotangazwa redioni vikafungwa redioni.

Fundi sasa alikuwa amefika puli ya tatu. Alishikilia uzi kwa ncha ya kidole cha mwisho, kile ambacho wengi wetu hatukipi kazi yoyote, huku gumba na shahada vikifunga fundo kwenye springi. Mzee alikuwa akimtazama kama mtu anayemtazama daktari.

Wazee waliowatangulia mgambo hawa vitani walikwenda mbali zaidi. Katika Vita vya Pili vya Dunia zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini. Batalioni za 26 na 36 za King's African Rifles (KAR), za Tanganyika, zilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopitia Ceylon ikaingia Burma mwaka 1944, ikapita bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria, na Desemba ikauvuka mto Chindwin. Hao hawakuwa na redio ya kutundika begani. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947, na redio ya mfukoni ikaingia dukani 1954; kabla ya hapo redio ilikuwa sanduku la valvu na betri la kumchosha mbebaji. Kwa hiyo burudani ya askari ilitembea kwa miguu, kwa bendi na kwa santuri.

Katika kikosi cha burudani cha KAR alikuwemo Mgiriama mmoja wa pwani ya Kenya, aliyezaliwa 1924, aitwaye Fundi Konde. Jina hilo lilimfaa. Ukizisikiliza santuri alizorekodi baada ya vita, "Tausi Ndege Wangu" ikiwa mojawapo, unamkuta mtu anayeimba chini, karibu na kunong'ona, na hakuna neno hata moja linalopotea. Gitaa linaweka nyuzi kamili, za kijazi, halafu linanyamaza ili uzisikie zikizimika. Santuri ya wakati ule ilibeba dakika kama tatu kila upande, si zaidi, na Konde hafanyi haraka. Sina ushahidi kwamba alijifunza kuimba hivyo mbele ya askari waliochoka, lakini nimewahi kumwimbia mtoto mwenye homa, na najua kwamba aliyechoka humwimbii kwa kupaza sauti. Ally Sykes wa Dar es Salaam naye alikuwa Burma, pamoja na kaka yake Abdulwahid. Aliporudi alianzisha bendi ya Blackbirds, na mwaka 1954 ndugu hao walikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha TANU. Wanahistoria huanzia kwenye TANU. Mimi ningependa kuanzia kwenye bendi.

Wakubwa wa vita vile walikuwa na mashine kubwa za kazi hiyo hiyo. Wamarekani walitengeneza santuri za jeshi, V-Disc, kati ya 1943 na 1949, zaidi ya nakala milioni 8, kubwa kuliko za kawaida na za plastiki, kwa sababu za kawaida zilikuwa zikifika vipande vipande. Wajerumani walikuwa na wimbo mmoja, "Lili Marleen", uliorekodiwa na Lale Andersen mwaka 1939 bila kishindo, mpaka redio ya askari wao huko Belgrade ilipoanza kuurusha usiku baada ya usiku mwaka 1941. Ng'ambo ya jangwa la Afrika Kaskazini Waingereza nao wakawa wanautafuta. Ni wimbo wa mwanamke na taa ya barabarani. Humo ndani hakuna ushindi wa mtu yeyote.

Mtu akisikiliza rekodi hizi zote leo hulalamikia mkwaruzo. Hapa Ugogo sidhani kama ulimsumbua mtu. Marimba ya Kigogo, ilimba, ina matundu kwenye sanduku lake, na matundu hayo huzibwa kwa utando wa buibui ili kila ukigusa chuma, utando uvume. Anayeitengeneza hutumia muda mrefu kuutafuta utando ufaao, kisha kuubandika usiwe mlegevu wala usikazwe sana. Bila mvumo ule ala haijakamilika. Marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa mkoa huu aliyefariki 2003, aliubeba mvumo huo mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya. Sikio lililokuzwa hivyo likisikia masafa mafupi usiku, yakivuma na kufifia, halisikii ubovu. Linasikia ala nyingine imeingia.

"Tayari," fundi akasema, lakini haikuwa tayari. Alizungusha kitufe mwanzo mpaka mwisho, mwisho mpaka mwanzo, akitazama uzi na si mshale. Akaongeza tone moja la mafuta ya cherehani kwenye puli ya nyuma, kwa ncha ya sindano. Akazungusha tena.

Konda wa Singida alikuwa ameondoka na kelele zake. Mzee akanigeukia.

"Uliniuliza kama nilikwenda nayo. Hii haijawahi kutoka Nzuguni. Niliinunua kwa pesa za karanga, mwaka mmoja kabla ya vita. Nilipoitwa nikamwachia mama."

"Kule mlisikiliza nini, basi?"

"Sajenti alikuwa nayo. Ilibaki Masaka." Hakueleza ilibakije. "Mama hakujua kusoma namba. Kwa hiyo usiku wa mwisho nikamtafutia stesheni, nikamwambia: mama, hapa usiguse. Wewe washa na kuzima tu. Na hakugusa."

Alisimulia habari za betri, na hapo nikacheka kwa sababu kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Zilikuwa National za kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam, na zilipoadimika mama yake alizitoa kila asubuhi na kuzianika juu ya ungo pamoja na mlenda mkavu, jua lizirudishie kidogo. Aliwasha kwa habari, akawasha kwa salamu, akazima. Majirani walikuja na vigoda vyao.

"Na salamu zako zilisomwa?"

"Mara moja." Akazungusha fimbo kidogo mchangani. "Alikuwa amekwenda kuchota maji. Waliosikia walitoka mbio kumfuata njiani. Anasema aliona watu wanakuja wanakimbia, akajua nimekufa. Akatua ndoo, akakaa chini."

Fundi aliacha kazi akamtazama.

"Wakamwambia?" nikauliza.

"Wakamwambia. Akawauliza wimbo gani ulipigwa. Hakuna aliyekumbuka, walikuwa wameshaanza kukimbia."

Fundi akatia betri mpya, akainamia redio kama mwanzo. Akazungusha kitufe kwa vidole viwili, mshale ukatembea juu ya namba bila kukwama, ukapita muziki wa kwaya, ukapita mtu anayesema Kiarabu, ukapita kimya. Akaurudisha polepole mpaka ukasimama juu ya kile kistari cha penseli. Redio ikavuma. Hakuna sauti ya mtu, hakuna ngoma, ni mvumo mtupu unaopanda na kushuka.

"Hapa siku hizi hakuna kitu, mzee wangu," akasema. "Nikusogezee?"

"Acha hapo hapo."

Fundi akarudisha gamba, akazitoa skrubu kwenye kifuniko cha kopo na kuzifunga moja moja, kwa mkono, bila kukaza sana. Alama ya penseli hakuifuta.